Malisho ya kesho yasimnyime mtoto unga

Waswahili husema kwamba ng'ombe wa maskini hazai. Methali hiyo hutamkwa kwa masikitiko, kana kwamba maskini amelaaniwa. Lakini mtaalamu wa lishe ya mifugo huieleza bila kutaja laana wala uganga. Ng'ombe aliyekonda hapati joto, na asiyepata joto hapandwi. Maskini hana malisho ya kiangazi, ng'ombe wake hukonda, na mwaka hupita bila ndama wala maziwa. Tatizo si nyota ya mwenyewe, bali ni hori tupu.

Ukweli huo una uzito wa pekee katika nchi jirani ya Malawi. Nchi hiyo ni ndogo, na karibu sehemu moja kwa tano ya eneo lake imefunikwa na maji, hasa ya ziwa lile ambalo Watanzania huliita Nyasa. Sensa ya mwaka 2018 ilihesabu watu zaidi ya milioni 17, na wengi wao wanaishi kwa jembe na kwa mahindi. Kila ekari inayotengwa kwa ajili ya mnyama huwa imeondolewa kwenye sufuria ya binadamu. Kwa hiyo swali la mfugo ale nini, Malawi ni swali la mtoto ale nini.

Swali hilo lina pande mbili zinazotazamana kutoka mbali. Upande mmoja upo Lilongwe, makao makuu ya nchi tangu mwaka 1975 serikali ilipohama Zomba. Huko, juu ya mahali paitwapo Capital Hill, ndiko ziliko ofisi za wizara, na miongoni mwake Wizara ya Kilimo pamoja na idara yake ya afya na maendeleo ya mifugo. Upande wa pili upo Dzaleka, wilaya ya Dowa, kilomita zaidi ya 40 kaskazini ya mji huo. Huko wanaishi watu ambao hawana shamba, hawana malisho, na ambao kila kipimo cha unga kina hesabu yake.

KAMBI ILIYOKUWA GEREZA

Dzaleka ilikuwa gereza la wapinzani wa kisiasa wakati wa utawala wa Rais Hastings Kamuzu Banda. Mwaka 1994 mahali hapo pakafanywa kambi ya wakimbizi. Kabla ya hapo Malawi ilikuwa imekwisha kuwapokea wakimbizi zaidi ya milioni moja kutoka Msumbiji, mzigo mkubwa mno kwa nchi ya kadiri yake. Waliokuja Dzaleka walitoka Kongo, Burundi na Rwanda, na baadhi Somalia. Kambi ilipangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 50,000. Kiswahili husikika sokoni kwake kama vile kinavyosikika Kigoma au Uvira.

Wengi wa wakazi hao wametoka mikoa ya Kivu. Askari wa Tanzania, wa Malawi na wa Afrika Kusini ambao mwaka 2013 waliunda kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa mashariki ya Kongo, waliiona nchi hiyo kwa macho yao: milima yenye nyasi, ng'ombe na mbuzi, na vijiji vilivyoachwa na wenyewe. Baadhi ya waliovihama vijiji kama hivyo ndio hao walioko Dzaleka. Walikuja na ujuzi wa ufugaji, lakini mifugo yenyewe ilibaki nyuma au iliporwa.

Sheria nayo inawabana. Malawi ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa wakimbizi mwaka 1987 ikiwa imeweka masharti yake, na miongoni mwa masharti hayo ni yale yahusuyo kazi na mahali pa kuishi. Mwaka 2023 serikali ilitekeleza amri ya kuwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini na vijijini. Wakati huohuo msaada wa chakula umepunguzwa mara kadhaa kwa sababu ya upungufu wa fedha za wafadhili. Familia imebakiwa na ua mdogo, nyumba ya matofali ya udongo, na nguvu za mikono.

NJAA MBILI

Malawi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kutokana na jambo hilo kuna njaa mbili, na njaa hizo haziji pamoja.

Njaa ya watu huuma Januari hadi Machi. Ghala limekwisha, na mahindi yaliyoko shambani bado ni machanga. Bei ya mahindi hupanda wakati huo, na mama wa nyumbani hupunguza mlo mmoja, kisha wa pili. Lakini katika miezi hiyohiyo nyasi zimejaa kila bonde na kila ukingo wa barabara, na mbuzi aliyefungwa kamba kando ya njia hunenepa.

Njaa ya mifugo huuma Agosti hadi Novemba. Nyasi zimekauka, nyingine zimechomwa moto, na kilichobaki kina nguvu kidogo mno. Mabua makavu ya mahindi yana protini ya kiasi cha sehemu 4 au 5 tu kwa mia, na mnyama akila hayo peke yake hushiba bila kupata nguvu. Lakini wakati huo ghala la mkulima bado lina kitu, kwani mavuno yalikuwa Aprili na Mei.

Mfugaji mwenye busara hufanya kazi katikati ya njaa hizo mbili. Wakati wa mvua humpa mnyama majani ambayo binadamu hawezi kuyala, naye humrudishia maziwa, nyama, au fedha ya kununulia unga katika miezi ile migumu. Wakati wa mavuno huyahifadhi masalio ya shamba ili mnyama asife kiangazi. Anayengoja mpaka Septemba ndipo atafute malisho, amechelewa kwa miezi minne.

PUMBA NAZO ZINA WENYEWE

Wafugaji wengi wanapoambiwa juu ya chakula cha mifugo hufikiria pumba. Pumba za mahindi, ambazo Wamalawi huziita madeya, ni chakula kizuri kwa kuku, nguruwe na ng'ombe wa maziwa. Hata hivyo pumba si taka isiyo na mwenyewe. Katika njaa kubwa ya mwaka 2002 watu wa Malawi walikula pumba hizo ili waokoke. Mwezi Machi 2024, baada ya ukame, serikali ilitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28. Katika miaka kama hiyo kuku na mtoto husimama mbele ya gunia moja.

Hesabu ya kuku wa mayai inafaa kufanywa kabla ya kujenga banda. Kuku mmoja wa kisasa anayetaga hula kiasi cha gramu 120 kwa siku. Kuku 10 hula kilo 1 na gramu 200 kwa siku, yaani kilo 36 kwa mwezi, na sehemu kubwa ya chakula hicho ni mahindi na soya. Familia iliyo Lilongwe yenye mshahara na soko karibu inaweza kufaidika na hesabu hiyo. Familia ya Dzaleka inayopima unga kwa kikombe haiwezi, isipokuwa kama mayai yana mnunuzi wa hakika.

Kosa jingine ni kumpa mnyama nafaka iliyoota ukungu kwa kudhani kwamba haina madhara kwake. Ukungu huo huleta sumukuvu, ambayo huharibu ini la kuku na la binadamu pia. Ng'ombe akilishwa chakula chenye sumu hiyo, sehemu yake hupita katika maziwa na kumfikia mtoto. Nchini Kenya, mwaka 2004, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui. Karanga na mahindi yaliyooza hayana budi kufukiwa, si kutupwa bandani.

MFUGO MDOGO KWA UA MDOGO

Kinachofaa Dzaleka, na popote penye watu wengi na ardhi haba, ni mnyama mdogo anayekula majani.

Wa kwanza ni simbilisi. Katika Kivu ya Kusini familia nyingi humfuga ndani ya jiko, karibu na joto la moto, na hata nyanda za juu za kusini mwa Tanzania anajulikana. Hula nyasi, majani ya viazi vitamu na maganda ya mboga. Wataalamu waliofanya kazi Kivu wameeleza kwamba katika miaka ya vita mnyama huyu aliwafaa watu kwa sababu ni rahisi kumficha asiporwe, na familia ikikimbia huweza kumbeba. Jambo moja lisisahauliwe: mwili wa simbilisi hauwezi kujitengenezea vitamini C, kama vile mwili wa binadamu usivyoweza. Akinyimwa majani mabichi huugua na kufa, hata kama chakula kikavu ni tele.

Wa pili ni sungura. Mimba yake huchukua kiasi cha siku 31, na jike mwenye lishe nzuri huzaa watoto 6 hadi 8 kwa mara moja. Nyumba yake iinuliwe juu ya ardhi, iwe na sakafu yenye nafasi ili kinyesi kidondoke chini, na kinyesi hicho kiwe mbolea ya mboga. Majani yake yanyaushwe kwa saa chache kabla ya kupewa, kwani majani yenye umande humvimbisha tumbo.

Wa tatu ni mbuzi, mfugo unaoonekana karibu kila kijiji cha Malawi. Mbuzi wa kilo 30 huhitaji kiasi cha kilo moja ya chakula kikavu kwa siku. Huyu ndiye anayefaa zaidi kuivuka ile miezi ya njaa, maana anaweza kuuzwa siku ya shida.

Kuku wa kienyeji naye ana nafasi yake, mradi ajitafutie sehemu kubwa ya chakula mwenyewe. Lakini kumlisha kuku asiyechanjwa kideri ni sawa na kumwaga punje mtoni. Chanjo inayovumilia joto hutolewa kwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Tone hilo huokoa chakula kingi kuliko dawa yoyote ya kuongeza uzito.

ROBOTA LA NYASI

Akiba ya kiangazi hutengenezwa bila mashine. Mfugaji atengeneze sanduku la mbao lisilo na mfuniko wala sehemu ya chini, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa sentimita 55 na kina cha sentimita 45. Atandike kamba mbili ndani yake, ajaze nyasi au majani yaliyokauka kivulini, na mtu mmoja ayakanyage mpaka yashikamane. Kisha kamba zifungwe na sanduku linyanyuliwe. Robota moja la namna hiyo huwa na uzito wa kiasi cha kilo 20.

Hesabu yake ni nyepesi. Kuanzia Agosti hadi Novemba ni kiasi cha siku 120. Mbuzi mmoja wa kilo 30 atahitaji kilo 120, yaani marobota 6, kama hapati kitu kingine chochote. Akipata nusu ya chakula chake kwa kuchunga, marobota 3 yatatosha. Familia yenye mbuzi wawili inaweza kuiandaa akiba hiyo katika siku chache za Mei, na marobota hayo yawekwe juu ya magogo, chini ya paa, mbali na moto wa jikoni.

Kilicho bora cha kujazia sanduku si mabua. Ni majani ya karanga, ya soya na ya maharage, ambayo baada ya mavuno huachwa shambani au kuchomwa. Majani ya karanga yaliyokaushwa vizuri yana protini iliyo mara mbili ya ile ya mabua au zaidi. Mkazi wa Dzaleka asiye na shamba anaweza kuyapata kwa mkulima jirani kwa kumsaidia kuvuna, au kwa kumpa mbolea ya mbuzi. Makubaliano ya namna hiyo yafanywe mapema na kwa heshima, kwa maana majani yaliyochukuliwa bila ruhusa huzaa ugomvi kati ya kambi na kijiji.

Mabua nayo yanaweza kuongezewa thamani kwa ng'ombe. Kilo 5 za mbolea ya yurea huyeyushwa katika lita 50 za maji, hunyunyizwa juu ya kilo 100 za mabua yaliyokatwakatwa, kisha hufunikwa kwa plastiki pasiingie hewa kwa wiki tatu. Mabua hulainika na protini yake huongezeka. Lakini yurea ni sumu ikitumiwa ovyo. Asipewe nguruwe, sungura, kuku wala ndama mdogo, na mfuko wake pamoja na maji yake viwekwe mahali ambapo watoto hawafiki. Asiye na mlangizi wa mifugo karibu ni heri aache njia hiyo na ashike robota.

MITI INAYOLISHA

Mti wa malisho una sifa moja ambayo nyasi hazina: mizizi yake hufika mbali, nao hubaki kijani wakati ardhi imepauka. Kule Embu, Kenya, katika miaka ya 1990, wakulima walianza kupanda kalianda kwenye kingo za mashamba na matuta. Watafiti walikadiria kwamba miti kiasi cha 500 huweza kumpatia ng'ombe mmoja wa maziwa nyongeza ya majani kwa mwaka mzima, na miti hiyo haikuchukua shamba la mtu, kwani ilisimama penye mipaka.

Malawi inayo elimu hiyo pia. Katika kituo cha utafiti cha Makoka, Zomba, glirisidia ilijaribiwa kwa miaka mingi ikipandwa pamoja na mahindi ili kurutubisha udongo, na majani yake hulisha mbuzi yakinyaushwa kwanza kupunguza harufu. Lusina nayo ni nzuri, ikiwa na protini ya kiasi cha robo ya uzito wake mkavu, lakini ina sumu yake: isizidi theluthi moja ya chakula cha mbuzi, na kuku na sungura wapewe kidogo sana. Katika ua wa Dzaleka miti michache ya uzio inatosha kuanza.

Tanzania ina mfano wake katika Shinyanga. Wasukuma tangu zamani walitenga ngitili, sehemu ya nyasi na miti isiyoguswa wakati wa mvua ili mifugo iile kiangazi. Ngitili zilikuwa zimeharibika, na tangu mwaka 1986 mradi wa HASHI uliwasaidia wananchi kuzirudisha. Elimu hiyo ilikuwa ya wazee. Serikali iliipa nguvu tu.

KAZI YA CAPITAL HILL

Familia haiwezi kufanya yote peke yake, na hapo ndipo kazi ya Capital Hill inapoanza.

Kwanza ni elimu. Karibu na Lilongwe kipo kituo cha utafiti cha Chitedze, na ipo Bunda, ambayo ilianza kama chuo cha kilimo na sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Maliasili cha Lilongwe. Elimu iliyoko huko haina budi kumfikia mlangizi wa kijiji, na mlangizi avuke uzio wa kambi. Homa ya nguruwe na kideri haziulizi kitambulisho cha mkimbizi wala cha mwenyeji; ugonjwa ulioachwa Dzaleka utafika kwenye vijiji vya Dowa.

Pili ni vyakula vipya vya mifugo. Mjini Nairobi, kituo cha ICIPE, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimefanya utafiti juu ya nzi mweusi ambaye wataalamu humwita nzi askari. Funza wake hula mabaki ya jikoni na ya sokoni, na baada ya wiki mbili hivi huvunwa na kukaushwa. Karibu sehemu 40 kwa mia ya uzito wao mkavu ni protini, na huweza kuchukua nafasi ya dagaa na sehemu ya soya katika chakula cha kuku. Soko la watu zaidi ya 50,000 halikosi maganda na mboga zilizooza. Taka hiyo leo ni uchafu; ikiandaliwa vizuri inaweza kuwa chakula cha kuku kisichogusa unga wa mtu.

Tatu ni ruhusa. Mkimbizi anayefuga sungura 20 lakini haruhusiwi kuwapeleka sokoni Lilongwe atafuga watatu. Serikali ya Malawi ina sababu zake za usalama, na askari wanazielewa sababu za namna hiyo. Lakini mtu anayejilisha mwenyewe hupunguza mzigo wa nchi iliyompokea, na jambo hilo nalo ni usalama.

Hoja hizo hazihusu Malawi peke yake. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2023 kwamba ufugaji hutoa sehemu 12 kwa mia ya gesi za binadamu zinazoongeza joto duniani. Ng'ombe mwenye njaa hutoa gesi hiyo mwaka mzima na maziwa kidogo tu. Ng'ombe aliyeshiba majani mazuri hutoa maziwa mengi zaidi kwa gesi ileile. Watafiti wa shirika hilo walionyesha pia, mwaka 2017, kwamba sehemu 86 kwa mia ya chakula chote cha mifugo duniani ni vitu ambavyo binadamu hawezi kuvila. Ugomvi upo katika sehemu 14 zilizobaki, na ugomvi huo humwumiza kwanza yule aliye na kidogo.

SOMO KWA FAMILIA ZA KOTA

Familia ya askari inaielewa hali ya Dzaleka kuliko wengi. Kota si shamba, ua wake ni mdogo, ardhi si ya mkaaji, na uhamisho huweza kuja wakati wowote. Anayeishi hivyo hawezi kupanga ufugaji wa ng'ombe kumi. Anaweza kupanga vizimba vitatu vya sungura, kuku wachache waliochanjwa, na miti ya malisho kwenye uzio itakayomfaa hata mwenzake atakayehamia baadaye.

Kabla ya kununua mnyama, baba na mama wa nyumba waketi na kujibu maswali matatu: mnyama huyu atakula nini Januari, atakula nini Septemba, na chakula hicho kinatoka kwenye sufuria ya nani? Kama jibu la swali la tatu ni sufuria ya watoto, mnyama huyo asinunuliwe. Kama jibu ni majani ya bonde, maganda ya jikoni na robota lililofungwa Mei, basi anunuliwe hata kesho, na ng'ombe wa maskini atazaa.